Mtakatifu Aliyeomba Asijue Kifaransa

Berchem-Sainte-Agathe, Jumapili, Novemba 2009

Mvua. Si ile ya Bukavu ambayo Mama huisimulia, inayokuja na kelele zake, inamaliza kazi, inaondoka. Hii ya hapa inakaa tu hewani, kama mgeni aliyeingia sebuleni na hasemi alichofuata. Taa ya jikoni imewaka tangu tuliporudi kanisani.

Mama yuko chumbani, amefunga mlango. Mimi niko mezani na kompyuta. Radiateur ya kupasha chumba inachemka lakini vidole vyangu ni baridi.

Leo nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya Jumanne. Nitaliandika kwa mpangilio, maana nikianza katikati nitaanza kujitetea.

Kwanza, kwa wewe uliyeingia hapa kwa bahati mbaya: naitwa Furaha, nina miaka kumi na sita, na darasani watu hunisahau hata nikiwa nimeketi mbele yao. Shule ya msingi nilisoma kwa Kifaransa, sekondari nasoma kwa Kiholanzi, ambacho Mama hukiita Kiflamand, kwa sababu Mama alisikia kwamba Brussels mwenye lugha zote mbili hakosi kazi. Kiswahili cha kusema nilikipata jikoni. Hiki cha kuandika, ambacho kwetu wanakiita Kiswahili bora, nilifundishwa na Baba kabla hajafariki. Alikuwa mwalimu kule Bukavu na hakuvumilia mtu kuandika "mutoto". Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa shuleni hakuna anayekisoma, na kwenye parokia yetu wanaokisoma hawaingii kwenye blogu.

Mama anajua Kiswahili na Mashi, lugha ya kwao. Kifaransa chake ni cha sokoni: salamu, mboga, basi. Kwa hiyo mimi ndiye mdomo wa nyumba. Manispaa, benki, fundi wa bomba, mwenye nyumba, na tangu mwaka jana, hospitali.

Mtu asiyeweza kuomba ruhusa ya kwenda chooni bila kuona haya ndiye anayeongea kwa niaba ya familia nzima. Mungu ana utani wake.

*

Mama anaumwa tumbo. Jina kamili la ugonjwa halitajwi nyumbani kwetu, tunasema "ile kitu". Hospitali wanao watafsiri wa Kiswahili, unaomba tu. Mama alikataa tangu siku ya kwanza.

"Ule mutafsiri ni mutu wa kwetu," alisema. "Leo anaingia kwa docteur na mimi, kesho Matonge nzima inajua tumbo yangu iko aje. Hapana. Niko na mutoto mwenye alisoma."

Matonge ndio mtaa wa Wakongo hapa Brussels. Basi Jumanne tuliingia wawili, kama kawaida. Daktari ni mwanamke mrefu mwenye mvi, na nimeshaijua tabia yake: akitaka kusema jambo zito huvua miwani. Akavua miwani. Akasema, "La maladie évolue, malgré le traitement." Ugonjwa unasonga mbele, licha ya dawa.

Sasa, ili mtu aelewe kilichotokea, lazima ajue jinsi Wakongo wanavyosalimiana. Unakutana na tonton fulani, mzee wa kwetu, kwenye tramu, unamwuliza, "Ça évolue?" Naye anajibu, "Ça évolue, ma fille, ça évolue." Maana yake mambo yanakwenda, watoto wanasoma, kazi ipo. Kwetu kitu kinachofanya évoluer ni kitu kinachopanda kuelekea kwenye heri. Na kwa daktari pia kilikuwa kinapanda. Ila yeye hakuwa anamzungumzia Mama.

Mama alilidaka neno lile kabla sijafungua mdomo. Niliona uso wake ukifunguka wote, kuanzia paji.

"Amesema inaendelea, hein?"

Na hapo ndipo Kiswahili nacho kiliponipa mahali pa kujificha. Ukiuliza hali ya mgonjwa unaambiwa anaendelea, nawe unasema Mungu ashukuriwe. Hakuna anayeuliza ni kipi kinachoendelea, mgonjwa au ugonjwa.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Inaendelea."

Sikusema uongo hata neno moja.

Daktari akaegemea mbele. Akasema kama kuna safari Mama anaitaka, kama kuna mtu anataka kumwona, basi ni sasa, angali na nguvu. Akasema miezi ya kiangazi hathubutu kumwahidi. Alisema polepole, kwa upole, akiniachia nafasi baada ya kila sentensi ili nitafsiri. Zile nafasi zilikuwa mbaya kuliko maneno.

Nikamwambia Mama, "Anasema upumuzike. Na ufikirie famille."

"Merci, docteur! Dieu vous bénisse, vous et vos enfants!" Mama akambariki daktari na watoto wake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa. Daktari hakutabasamu. Alinitazama mimi.

"Elle a bien compris?" Ameelewa vizuri?

"Oui, docteur."

Huo ndio uongo wenyewe. Ulikuwa wa Kifaransa, na ulikuwa mfupi.

*

Hasara yake niliiona kwenye tramu, kabla hata hatujafika nyumbani.

Mama alikuwa amepanga kwenda Bukavu Noeli hii. Kule yuko Koko, yaani mama yake, ambaye miguu yake haimpeleki tena mbali zaidi ya mlango. Hawajaonana tangu tulipoondoka nikiwa mdogo. Sasa tuna pasipoti za hapa, tunaweza kwenda na kurudi, na kaka yake Maman Espérance, anayeuza tiketi za ndege, alikuwa amemshikia Mama nafasi. Maman Espérance ndiye kiongozi wa kikundi cha sala. Utamwona sasa hivi. Na utamsikia.

"Bon," Mama akasema, huku amegeukia dirisha na anatabasamu peke yake. "Donc kama inaendelea vile, ya Noël tuiache. Nimalize dawa yote. Tutaenda saison sèche. Sitaki Koko anione nimekauka hivi, anione nimenona."

Saison sèche ni kiangazi. Nilipaswa kusema hapohapo. Nilikuwa na vituo vyote vya kutoka hospitali hadi Berchem. Nilihesabu matone kwenye kioo.

Alhamisi akampigia Koko kumweleza. Waliongea Mashi, ambayo mimi sikufundishwa, lakini nilisikia "saison sèche" ikipita katikati kwa furaha.

*

Sasa ndipo anaingia Mtakatifu Lutgarda.

Mwalimu wetu wa dini alitugawia watakatifu wa nchi hizi kwa kura, kila mtu azungumze mbele ya darasa. Mimi nilimpata Lutgarda wa Tongeren. Wenzangu walipata wafiadini wenye mapanga. Nilipofungua kikaratasi nilidhani nimepewa wa kujazia nafasi.

Kumbe.

Aliishi zamani sana, enzi za watawala wa Brabant. Aliingizwa konventi ya masista akiwa na miaka kumi na miwili, si kwa wito, ila kwa sababu mali ya kumwozea, ambayo huku hutolewa na upande wa binti, ilipotea kwenye biashara ya baba yake. Alikuwa msichana wa kupenda nguo nzuri na vijana waliomjia kwenye dirisha la wageni. Siku moja amekaa na mmoja wao, akamwona Kristo amesimama mbele yake, anamfunulia jeraha la ubavuni. Kuanzia hapo yule kijana akawa hana nafasi tena.

Wenzake wakamfanya kiongozi wao. Hakutaka. Akakimbilia monasteri nyingine, yenye sheria kali zaidi, ambako masista walisema Kifaransa. Yeye alikuwa na Kiholanzi chake tu. Na alipoona kwamba hata kule siku moja watamfanya mama mkuu, alimwomba Bikira Maria jambo ambalo sijawahi kusikia mtu mwingine akiliomba: asiweze kujifunza Kifaransa.

Akakubaliwa. Aliishi nao kama miaka arobaini, na inasemekana Kifaransa chake kiliishia kwenye kuomba mkate, tena kwa shida.

Ijumaa nilisimama mbele ya darasa, karatasi nimeiweka mezani. Nilipofika kwenye ile sala, Pieter, anayeketi safu ya nyuma, akasema kwa sauti: "Basi huyo ndiye msimamizi wa sisi tunaofeli Kifaransa! Leo namwashia mshumaa." Darasa likacheka. Hata mimi kidogo. Halafu mwalimu akaniuliza, bila kucheka, "Na wewe unaonaje? Ule ulikuwa unyenyekevu au woga?"

Nikasema sijui. Nikaketi.

Lakini nilijua kwa nini nimempenda. Tangu Jumanne nilikuwa ninasali sala ileile. Nikiwa metro, nikiwa naosha vyombo. Mungu, niondolee Kifaransa. Niamke asubuhi nikute kimetoka chote, daktari aseme na mimi nisisikie kitu, wamtafute mtu mwingine.

Sala yangu haikujibiwa. Asubuhi nilikuwa naelewa redio kama kawaida.

*

Jana Mama alikuwa kwenye kochi, amejifunika blanketi la kahawia. Akasema, "Ile mambo ulisema ku masomo, nieleze na mimi. Mutakatifu yako alifanya nini?"

Nikamtafsiria hotuba yangu mwenyewe. Ilikuwa kazi ya kwanza ya kutafsiri wiki nzima ambayo sikuiogopa.

Nilimwambia jinsi Mungu alivyompa Lutgarda karama ya kuponya. Akimgusa mgonjwa, mgonjwa anapona. Watu wakajaa mlangoni mpaka akakosa muda wa kusali. Ndipo akamwambia Mungu, hii karama chukua, nipe nyingine.

Mama akaketi wima. "Alirudisha?"

"Alirudisha, Mama."

"Karama ya kuponesha?"

"Ndiyo."

"Yesu! Batu banafunga, banakesha, banalia chini juu ya ile karama, na ye anarudisha kama viatu vyenye havimutoshi!" Akapiga paja. "Angalau angeniachia adresse, mahali alirudishia. Niende nichukue."

Alicheka. Nami nilicheka. Alicheka mpaka mkono wake ukaenda tumboni, kisha kicheko kikakatika, akabaki anapumua kwa mdomo, macho kwenye zulia. Nikangoja. Mtu anajifunza kungoja.

"Endelea," akasema baadaye.

Nikaendelea. Badala ya kuponya, Lutgarda aliomba azielewe Zaburi kwa Kilatini, maana alikuwa anaziimba bila kujua anasema nini. Akapewa. Akazielewa zote, na bado moyo haukutulia. Akarudisha na hiyo. Mara ya tatu Kristo akamwuliza, basi unataka nini? Akasema, nataka moyo wako. Naye Kristo akajibu kwamba ndio anaoutaka yeye pia, moyo wa Lutgarda. Wakabadilishana.

"Ile ni sawa," Mama akasema kwa sauti ya chini.

Kisha nikamwambia habari ya Kifaransa. Nilidhani atapenda. Mama mwenyewe Kifaransa kimemsumbua miaka yote hii.

"Donc alikimbia," akasema.

"Hakukimbia, Mama. Ilikuwa unyenyekevu. Hakutaka ukubwa."

"Ukubwa, sawa. Lakini bale masista wengine, mwenye anagonjwa, mwenye analia, ye atamusemesha aje? Na mikono?" Akatikisa kichwa. "Ule alikuwa na akili sana, mutakatifu yako. Anaachia benzake kazi, anajificha ndani ya Kiflamand."

Nikamtetea. Nikamwambia kuna mwanamke Mfaransa aliyekata tamaa kabisa, hakuna padri wala sista aliyeweza kumtoa humo. Wakamleta kwa Lutgarda. Masista wakacheka: huyu hajui Kifaransa, yule hajui lugha ya huyu, watasemezana nini? Wakaketi wawili peke yao, muda mrefu. Mwanamke akatoka amefarijika, anawashangaa wanaosema kwamba yule sista hajui Kifaransa, maana yeye aliyaelewa yote.

Mama akalivuta blanketi mpaka kifuani.

"Ile naamini," akasema. "Kuna infirmière mumoja kule hospitali, mu-Polonaise. Kifaransa yake ni mbaya kupita yangu. Lakini akikaa pembeni ya kitanda, ni kama amenielezea kila kitu."

Hapo, kwa huyo muuguzi Mpolandi, nikapata pumzi. Nikajiambia, unaona? Maneno si lazima. Nitakaa kando ya Mama, nitamshika mkono, na lile jambo litafika lenyewe, kwa njia ya Lutgarda. Sitalazimika kulitamka.

Nililala vizuri jana. Naona aibu kuliandika hilo.

*

Leo baada ya misa, kikundi cha sala kilibaki kwenye ukumbi wa parokia kama kila Jumapili, kahawa na mikate ya sukari. Maman Espérance akapanda kwenye kiti. Yeye na ufupi wake wote, na kile kilemba.

"Bapendwa, tunyamaze kidogo! Mama Furaha iko na habari lakini anaona haya, nitasema mimi. Docteur mwenyewe, mwenye alisoma, amesema nini? Ça évolue!"

"Ça évolue!" ukumbi ukaitikia.

"Inaendelea ao haiendelee?"

"Inaendelea!"

Vigelegele. Makofi. Mtu akaanza wimbo. Mama amesimama katikati, amefunika uso kwa viganja, analia kwa furaha, na wanawake wanamkumbatia mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu, pembeni, wasiliguse tumbo.

"Dimanche yenye inakuya, misa ya shukrani!" Maman Espérance akapaza sauti, akiitangaza Jumapili ijayo. "Kila mutu alete chakula. Na Furaha atasoma somo la kwanza. Eh, Furaha, usijifiche nyuma ya papa Deo! Angalieni huyu mutoto. Hapa kwetu hana mudomo, hata bonjour tunaivuta na kamba. Lakini kwa docteur, Mama yake anasema, anaongea kama avocat!"

Mimi, wakili. Wakacheka wote, kwa mapenzi.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikautazama ukumbi mzima ukiupigia ugonjwa makofi.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa ninafikiri juu ya ule mkutano wa Lutgarda na mwanamke Mfaransa. Kuna kitu nilikuwa nimekiruka. Lutgarda hakuwa na Kifaransa. Alipoketi na yule mwanamke hakuwa ameficha chochote mdomoni. Alimpa alichokuwa nacho, chote. Hata zile karama, alizirudisha akiwa amesimama mbele ya Mwenyewe, akasema wazi, hii siitaki. Mimi ningekaa kando ya Mama, nimemshika mkono, nikiwa na sentensi nzima ya daktari chini ya ulimi. Ningekuwa nimebaki na kitu cha Mama.

Sijui Lutgarda alikuwa mnyenyekevu au mwoga. Mimi nilikuwa mwoga. Hilo sihitaji mwalimu.

*

Tulipofika, Mama hakuvua hata koti. Akaketi kwenye ukingo wa kochi, akachukua simu.

"Acha nimupigie kaka ya Espérance sasa. Alisema kesho lundi asubuhi kama sijathibitisha atapatia mutu mwingine ile place. Bora nimuambie atoshe jina yangu, nisimuchelewesheye mutu."

"Mama, ngoja."

"Ngoja nini?"

Nilisimama katikati ya chumba na mkoba wangu mgongoni. Sauti ilitoka ndogo, ile ya darasani.

"Ile neno ya docteur. Évoluer. Haiko vile tunasemaka sisi."

"Iko aje?"

"Haiko wewe unaendelea, Mama. Ni ile kitu ndiyo inaendelea."

Nikaona bado kuna sehemu, na kwamba nikiacha hapa nitakuwa nimeficha tena.

"Dawa imeshindwa kuisimamisha. Docteur alisema, kama kuna safari, ni sasa. Alisema saison sèche hawezi kukuahidi."

Simu ilikuwa bado mkononi mwake. Aliitazama kama inayomwita mtu mwingine.

"Alisema vile mardi, ile siku tulienda?"

"Ndiyo."

"Mbele yangu? Nikiwa nimekaa pale?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mi nikamushika mukono," akasema. "Nikamubariki, na batoto bake. Ule muzungu aliniona aje? Mujinga mwenye anacheka kifo yake."

"Mama, pardon..."

"Na leo. Banapiga makofi, mi nalia. We ulikuwa unaangalia."

Nikasema ndiyo. Nilitamani anipige, lakini Mama hajawahi kunipiga, na leo hakuwa na nguvu za kuanza.

"Mi nilifikiri niko na mutoto kule ndani kwa docteur," akasema. "Kumbe nilikuwa na mukubwa yangu, mwenye anachagua mambo ya kunipatia."

Akaingia chumbani. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa kwa adabu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Baadaye nikamsikia kwenye simu. Mashi. Koko, bila shaka. Aliongea muda mrefu, kisha ikaja sauti ambayo sikuweza kujua ni kicheko au ni kilio. Nilisimama kwenye korido. Hakuna hata neno moja nililolipata. Nilijua maana ya yote.

*

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo juu, Mama akatoka.

Macho yamevimba. Amevaa kitenge cha nyumbani. Alipita jikoni akanywa maji amesimama, mgongo kwangu.

"Place ya Noël inabaki," akasema. "Nimemupigia."

"Ndiyo, Mama."

"Na we unakwenda na mimi. Masomo itangojea."

"Ndiyo, Mama."

Akasuuza glasi, akaifuta, akaiweka mahali pake. "Kesho, pigia hospitali. Uwaambie batafute mutafsiri wao."

Nikamkumbusha, ingawa sikujua kwa nini nilikuwa namkumbusha. "Mama, Matonge nzima itajua."

"Ijue." Akageuka. "Bakuwe nayo, ile tumbo, bazunguke nayo Matonge mpaka bachoke. Mi kule ndani nataka mutoto. Interprète bako nao bengi."

Nilianza kulia hapo, kimya, juu ya kibodi. Hakunijia. Alisimama tu pale kwenye sinki, akaniacha nilie, akiniangalia. Hajanisamehe bado. Nadhani itachukua muda, na sijui muda tulionao.

"Na misa ya shukrani?" nikauliza nilipoweza. "Nani ataambia Maman Espérance?"

Akaweka mkono kwenye swichi.

"Misa ibaki. Chakula balete. Nia ya kuiombea ndiyo nitabadilisha." Akazima taa ya jikoni, akarudi chumbani, na safari hii mlango ameuacha wazi kidogo.

Sijisikii mwepesi. Nilisoma mahali kwamba ukisema ukweli unajisikia mwepesi. Ninajisikia kama mtu aliyembebesha mwenzake mzigo, kisha akakumbuka kwamba mzigo ulikuwa wa huyo mwenzake tangu mwanzo.

Kesho kabla ya shule nitapiga simu hospitali. Itabidi niseme kwa Kifaransa, kwa sauti inayosikika, kwamba Jumanne hii, tukirudi kwa daktari, tunahitaji mtu wa kututafsiria. Watauliza sababu. Nitasema mimi ni binti yake.

Kisha Jumanne nitakaa kwenye kiti cha kando, nimshike Mama mkono, na mtu mwingine atakapolitamka lile neno kwa Kiswahili, litanifikia na mimi, kwa mara ya kwanza, kama mtu anayeambiwa.